Nani Atatukalisha Kitako

Makadara, Mombasa
14 Januari 2025

Mjomba wangu Huzaifa,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Huku sote tupo, alhamdulillahi. Mume wangu Zaki akusalimu, watoto wamerudi skuli, na joto la mwezi huu limetushika barabara. Mama ametoka hospitalini. Nyonga imetiwa chuma, na kwa sasa yuko kwangu Makadara, maana nyumba ya Kibokoni haina ngazi tena.

Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu hakuna siri. Ujumbe wa sauti niliokutumia juzi ulifika Malindi kabla wewe hujaufungua. Barua hii anakuletea jirani yangu anayerudi Maskati kwa mumewe.

Najua hukupewa habari kamili, basi nakupa. Ilikuwa baada ya alasiri. Mama alitoka chumbani kwake akakanyaga pale juu ya ngazi, na sakafu ikamkimbia. Alishuka nayo mpaka chini pamoja na ngazi nzima. Watu waliotoka msikitini ndio waliomfukua. Chini, kama ujuavyo, ni mali ya akina Adamji, duka la vitambaa la Taizoon, na wiki hiyo alikuwa akilipanua. Nilipoingia mwenyewe kutazama, boriti ya kati iliyobeba sakafu yetu haikuwapo. Taizoon asema ilianguka yenyewe, kwamba ililiwa na mchwa, na kwamba ngazi ni mali yetu sisi wa juu, hivyo lawama ni yetu.

Mjomba, mpaka leo sijarudi katika akili zangu. Watu tuliopelekeana sahani za Idi tangu enzi za babu wametuandikia kwa wakili, wakidai vitambaa vyao vilivyoharibiwa na vifusi. Mama yuko kitandani na hawajaja hata kumtazama.

Tumefungua kesi kwa majina yenu, wewe na mama, kwa kuwa nyumba ni yenu nyote wawili. Mahakama imesema tujaribu upatanishi kwanza. Tukikubaliana na akina Adamji juu ya mpatanishi, ni sawa. Tusipokubaliana, tutachagua katika orodha ya waliosajiliwa. Nipe shauri: nani atatukalisha kitako?

Mwanao anayekungojea,
Raihana


Maskati
2 Februari 2025

Mwanangu Raihana,

Waaleikum salaam warahmatullah. Barua imenifikia, nami nikaisoma mara nyingi. Mimi ni mzima. Kazi ya ghala ya tende yaendelea, na baridi ya huku mwaka huu ni ya kuvalia koti. Mpe dadangu mkono wangu, mwambie ale vizuri.

Habari ya Taizoon imenikata maini. Nimempakata mtoto yule.

Juu ya mpatanishi, usihangaike na orodha. Mchukueni Ustadh Hussam. Ndoa ngapi za Kibokoni zimesimama kwa sababu yake, na magomvi mangapi ya maduka ameyamaliza kwa kikombe cha kahawa? Akina Adamji nao wamheshimu. Tena nimeshazungumza naye kirefu kwenye simu. Mambo yetu yote ayajua, hata yangu mimi.

Usinipigie Jumapili, Jumanne wala Alhamisi mchana, nina shughuli. Na ukiniona kimya usitie wasiwasi.

Akupendaye,
Mjombako Huzaifa


Makadara
20 Februari 2025

Mjomba,

Salaam na dua. Mama ameanza kusimama kwa mkongojo, na jana alitembea mpaka jikoni kuja kuniambia mchuzi wangu hauna chumvi. Kwa hilo nilishukuru.

Nilikwenda kwa Ustadh Hussam kama ulivyotaka. Alinipokea vizuri, akanisikiliza, na kwa kuwa umesema ni mtu wa kuaminiwa nilimwambia yote, hata lile linalonikosesha raha: kwamba hatuna shahidi. Hakuna aliyeiona boriti ikikatwa. Fundi alishaondoka mjini na mbao zimechukuliwa na gari la taka.

Kabla wiki haijaisha ikaja barua ya wakili wa Taizoon. Imeandikwa: "Ninyi wenyewe mmekiri kwamba hamna shahidi yeyote." Niliisoma nimesimama mlangoni, nikatoka nayo hapo hapo.

Nikarudi kwa Hussam. Hakukana. Alisema, "Raihana, kupatanisha ni kufungua vifua vya watu. Nimemwambia Taizoon udhaifu wenu, nami nitakwambia wake, ili nyote mlainike."

"Lakini Ustadh, mimi nilikwambia wewe."

"Na mimi ni wa nani? Mimi ni wa nyote."

Nikamuuliza kama amesomea kazi hii, kama amesajiliwa. Akanitazama kama niliyemtukania mama yake. "Nimepatanisha watu kabla wewe hujazaliwa, leo waniomba cheti?"

Si mtu mbaya, Mjomba. Hilo ndilo lanitisha zaidi. Hajui kabisa kwamba amekosa.

Siwezi kwenda naye. Nielewe.

Raihana wako


Maskati
25 Machi 2025

Raihana,

Ramadhani karimu, au iliyobaki yake. Nimechelewa kujibu. Utaona mwandiko si wangu. Anaandika rafiki yangu wa kazini, maana mkono wangu wa kulia umefura kidogo. Si jambo.

Umeharakisha. Mtu mzima kama Hussam hahojiwi kama anayeomba kazi. Wakati mwengine neno lililotoka ndilo linaloponya. Mtu wa orodha ataijua vipi Kibokoni? Atakuja na saa yake mkononi, atawaandikisha makaratasi, ataondoka.

Mwombe radhi Hussam kabla ya Idi. Kesi hii imalizike upesi. Nina sababu zangu za kutaka imalizike upesi, na sitaki kuulizwa.

Huzaifa


Makadara
12 Aprili 2025

Mjomba,

Assalaam aleikum. Idi ilipita kimya. Mama alivaa kanga mpya, akakaa dirishani, akauliza mara mbili kama umepiga simu.

Sikumwomba radhi Hussam. Sasa nitakwambia lililonipata juzi.

Nilikuwa nanunua mboga hapa Makadara. Mtu akanishika bega. Ni Maleka, mke wa Taizoon. Hatujasemeshana tangu mwaka jana. Nilidhani atapita, lakini alisimama, amevaa rida yake ya kijani, lile vazi la Mabohora, na macho yamemlowa.

"Raihana," akasema, "kesi ni kesi. Lakini nimesikia habari ya mjomba wako na figo zake. Mungu ampe shifaa. Kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki si mchezo. Babangu alikuwa hivyo hivyo."

Nilimwuliza, "Mjomba yupi?"

Akajua kwamba sijui. Akaweka mkono mdomoni. Nilipomshika asiondoke alisema Hussam amewaambia, tena kitambo, na kwamba kwa kuwa hutarudi tena Mombasa huenda ukakubali Taizoon ainunue sehemu yako ya nyumba.

Sikumbuki niliyomjibu. Muuza mboga aliniita nikachukue mfuko wangu na sikugeuka. Nilitembea mpaka nikajikuta nimepita nyumba yangu mwenyewe.

Jumapili, Jumanne, Alhamisi. Mkono uliofura. Mjomba, mimi ndiye mtoto uliyenifunza kusoma, na nimepata habari ya ugonjwa wako kwa mtu tuliyeshtakiana naye, kati ya mchicha na bamia. Je, ni kweli? Na ni kweli umesema utauza?

Mama hajui. Sijamwambia, na sitamwambia mimi.

Raihana


Maskati
30 Mei 2025

Mwanangu,

Nilianza barua hii mara nyingi nikaichana. Hii naiandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana mistari imelala.

Ni kweli, figo zote mbili. Ni mwaka wa pili sasa. Kazi ya ghala niliiacha. Nakaa na rafiki yangu, na siku zile tatu nalazwa pale kwenye mashine mpaka alasiri. Mkono wa kulia ndimo wanamotia sindano.

Kuuza sikusema. Nilimwambia Hussam, "Sidhani kama nitarudi." Hayo tu. Nilisema kama mtu anavyosema akiwa amechoka. Yeye akayabeba, akayageuza, akayafikisha kwa Taizoon yamekuwa kitu chengine. Nilimpigia simu. Alishangaa kwamba nimekasirika. Alisema alikuwa anatafuta njia. Nilikata simu nikakaa nayo mkononi, kwa sababu nilikumbuka kwamba mimi ndiye niliyekulazimisha uende kwake.

Chagua mpatanishi umtakaye, nitamkubali. Ila nakuomba kwa Mungu, dadangu asijue. Ana nyonga ya chuma na nyumba isiyo na ngazi, inamtosha.

Huzaifa


Makadara
18 Juni 2025

Mjomba mpenzi,

Salaam nyingi. Watoto wamekuchorea picha, nimeikunja humu ndani. Mama yuwatembea mpaka barazani sasa, na kuku wa Idi alimpika mwenyewe.

Nimelia, nimemaliza. Tuzungumze kazi.

Niliichukua ile orodha ya waliosajiliwa nikawapigia simu mmoja baada ya mwengine, na wakili wa Taizoon akafanya hivyo upande wake. Wa kwanza hakunisikiliza hata robo ya maelezo akaniambia, "Kesi hii mnashinda, niachie mimi." Nikamwacha. Wa pili alikuwa na sifa nyingi, lakini alipolisikia jina la Adamji alinikatiza: alishawahi kuwa wakili wao, hivyo hafai. Alisema mwenyewe kabla sijamuuliza. Sikujua kwamba kuna watu wanaokataa kazi namna hiyo.

Wa tatu ni mwanamke, Bi. Trizah Kavumbi. Alikuwa msimamizi wa ujenzi kabla ya kusomea upatanishi, na kesi alizoshughulikia nyingi ni za majengo na biashara. Nilimuuliza kila kitu: usajili, mafunzo, malipo, na siri anaitunzaje. Alijibu bila kukasirika. Kisha akasema, "Na mimi nina la kuwaambia nyote. Vitambaa vya harusi ya binti yangu nilivinunua duka la Adamji. Kama hilo lawasumbua, semeni sasa."

Mama alikuwa akisikiliza. "Nani Mombasa hajanunua kitambaa pale," akasema. Lakini alitaka kumuona, basi Bi. Trizah akaja, huku upande wa Taizoon ukijua kwamba amekuja. Mama akamkabili. "Wewe ni mtu wa bara. Mambo ya Kibokoni utayajuaje?"

"Siyajui, mama. Ndiyo maana nitauliza."

Mama akamtilia chai.

Taizoon amemkubali pia. Ila kuna jambo. Bi. Trizah aliuliza ni akina nani wenye mamlaka ya kutia saini, nikamwambia ni mama na wewe. Akasema bila wewe hataanza: huwezi kumleta mtu akubaliane juu ya nyumba ambayo nusu ya wenyewe hawapo. Anakubali uje kwa simu ya video. Nikamweleza kwamba una udhuru. Hakuniuliza ni upi. Alisema tu, "Basi azungumze na dadake kabla ya siku hiyo. Chumba changu si mahali pa kupewa habari ya namna hiyo mara ya kwanza."

Nimekuwekea nambari mpya ya mama humu ndani. Simu inakaa kando ya mto wake.

Akuombeaye,
Raihana


Makadara
22 Julai 2025

Mjomba,

Assalaam aleikum. Najua unasubiri, kwa hivyo salamu za watu wote nazifunga pamoja nakupa kwa mara moja.

Uliyozungumza na mama kabla ya siku ya kikao ni yenu. Mimi nilimkuta tu ameketi na simu mapajani, akaniambia, "Nduguyangu yuwafa huko peke yake na kila mtu alijua isipokuwa mimi." Hakunisemesha mpaka siku ya pili yake. Nilistahili.

Kikao ulikiona mwanzo, kabla ya nesi kukuzimia simu. Wewe ni mwenye kesi, haya yaliyofuata ni haki yako kuyajua, lakini yakome kwako.

Chumba kilikuwa cha chini kabisa, karibu na mahakama. Bi. Trizah alikitafuta hicho kwa sababu alishauliza nani hawezi kupanda ngazi. Yale aliyoyasema mwanzo uliyasikia: kwamba yeye si hakimu, kwamba yanayosemwa mle hayapelekwi mahakamani, na kwamba la faraghani halitoki bila ruhusa ya aliyelisema. Mama alininong'oneza, "Sasa huyu amekuja kufanya nini?"

Simu yako ilipokatika mama alifunika uso. Bi. Trizah akamuuliza kama angependa siku nyengine. "La," mama akasema, "leo leo." Basi akamchukua mama peke yake chumba cha pili. Wakakaa huko sana. Mimi na Maleka tulikuwa kwenye benchi moja nje. Alinipa maji ya chupa, nikayanywa.

Tuliporudi sote Bi. Trizah akamtazama mama, akasema, "Bi. Mwanakuu ana la kumwambia Taizoon. Amechagua kulisema mwenyewe."

Mama hakuinua sauti. "Taizoon, mimi nilipoanguka sikuzimia. Nilikuwa nimelala chali juu ya mawe, nikakuona. Umesimama kwenye mlango wa ndani wa duka, na boriti iko miguuni mwako, imekatwa kwa msumeno. Ulinitazama. Kisha ukarudi ndani."

Hebu fikiri, Mjomba. Miezi sita nimetafuta shahidi mji mzima, na shahidi nilikuwa nikimlisha uji.

Wakili wa Taizoon alimshika mkono ili anyamaze. Taizoon akautoa mkono. Amekonda, hukumuona vizuri kwenye simu. Akasema, "Ni kweli, mama. Fundi alitaka kwanza tuweke nguzo. Nilimwambia nguzo kesho. Nikasikia kishindo, nikakuona hapo, nikadhani umekufa. Miguu haikunipeleka. Baadaye wakili akaniambia nisije hospitalini, nisitoe pole, pole itakuwa ushahidi."

"Ningekuwa nimekufa," mama akamuuliza, "ungekuja mazikoni?"

"Ningekuja."

"Basi ingekuwa kheri niwe maiti. Maiti angalau ningekuona."

Maleka aligeukia ukuta. Taizoon alishuka kwenye kiti akapiga magoti mbele ya mkongojo wa mama, akalia kama hakuna mtu mwengine chumbani. Bi. Trizah hakumwinua wala hakusema lolote. Alingoja tu. Nadhani hapo ndipo nilipojua kwamba tumechagua vizuri. Hussam angeshasoma Fatiha na kuwashikanisha mikono.

Nilimuuliza mama mbele yao kwa nini hakuniambia. "Ningekwambia ungempeleka polisi siku hiyo hiyo. Sikumtakia polisi. Nilimtaka aje mwenyewe."

Sasa makubaliano. Taizoon ameondoa madai yake. Atairudisha boriti na kujenga ngazi chini ya mhandisi tuliyemkubali sote, na gharama za hospitali ni zake. Nyumba haiuzwi. Nilidhani tumemaliza, mama akasema, "Bado. Nataka ile ghala ya nyuma ya duka lako. Ina mlango wa uchochoroni na haina ngazi. Niishi humo, mimi na nduguyangu, muda wa uhai wetu."

Mimi nilikuwa ninapigania arudi juu. Hata siku moja sikumuuliza kama ataka.

Taizoon alisema ndiyo kabla mama hajafunga mdomo. Bi. Trizah akamzuia. "Sitaki ukubali kwa aibu. Nenda nje na wakili wako, ufikiri, urudi." Alikwenda, akarudi, akasema ndiyo, ila apewe muda ahamishe marobota.

Karatasi zimo humu. Inabaki saini yako. Usipotaka, usitie. Bi. Trizah ameniambia nikuandikie hivyo hivyo.

Raihana


Maskati
9 Agosti 2025

Mwanangu Raihana,

Waaleikum salaam. Nimesoma barua yako nikiwa kwenye mashine, na nesi alikuja kutazama kwa nini mapigo ya moyo yamepanda. Nilimwambia ni habari za nyumbani.

Nilipokuwa kijana nilimbeba Taizoon mabegani kwenda kuangalia meli. Sijui nifanye nini na picha mbili za mtu mmoja. Dadangu amejua la kufanya, mimi bado.

Nimetia saini. Nilikaa na karatasi siku nzima kabla ya kutia. Kile kifungu cha ghala ya nyuma sikukielewa mwanzo. Nilidhani ni makosa, kwamba jina langu limeingia bure. Nilikuwa nimeshamwambia rafiki yangu wapi anizike huku. Ngazi ile ya Kibokoni nilijua siwezi kuipanda tena, na sikutaka kurudi ili nibebwe mbele ya watu kama gunia. Hilo sikumwambia mtu yeyote, hata Hussam. Nikampigia dadangu nikamuuliza, nani amekwambia? Akasema, "Hakuna. Niliiuliza nafsi yangu ungetaka nini."

Daktari amenipa barua ya hospitali ya Mombasa, wameniwekea nafasi kwenye mashine zao. Nafika Jumatano, tarehe tatu Septemba, inshaallah. Zaki peke yake atanitosha uwanja wa ndege. Dadangu asihangaike na gari. Mwambie anisubiri nyumbani Kibokoni, chini.

Mjombako,
Huzaifa